Jina Moja, Kitanda Kimoja

Hosteli ya Patroba zamani ilikuwa moteli ya wasafiri, kando ya barabara ya Bellaire, mtaa wa Gulfton, huko Amerika, na bwawa lake la kuogelea lilikuwa limejazwa mchanga siku nyingi. Vyumba tisa, dabodeka tatu kila chumba, friji moja kwa wote. Mlangoni ilibandikwa karatasi yenye masharti kumi na manne. La kwanza lilisema: jina moja, kitanda kimoja, rafu moja ya friji. Yale mengine hakuna aliyeyasoma, na Patroba mwenyewe, Mkenya mpole aliyeshinda hospitali akisukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, hakubakiwa na nguvu ya kusimamia zaidi ya hilo moja.

Alhamisi moja ya Oktoba 2007, saa kumi na nusu jioni, Fortunée aliingia akitoka ghalani, nywele zimejaa vumbi la nguo. Kazi yake ilikuwa kuchambua mitumba: suruali huku, sweta kule, zilizochanika kwenye pipa la matambara, kisha mashine inabana zilizobaki kuwa marobota ya kwenda Afrika. Akilini alikuwa na wali wake wa jana tu. Wali ulikuwa rafu ya tatu, penye kipande cha plasta kilichoandikwa ROSETTE, kwa sababu hilo ndilo jina alilotumia Amerika.

Mbele ya meza ya Patroba alisimama msichana mwembamba wa miaka kumi na tisa, udongo mwekundu kwenye vifundo vya miguu. Alivaa fulana ya timu ya mpira ya shule moja ya Pasadena, mtumba, ile ile aliyozikwa nayo.

"Huyu anasema anaitwa Rosette pia," Patroba alisema bila kuinua macho kwenye daftari. "Majina yote, mpaka date of birth, first January. Sasa kitanda cha Rosette niko nacho kimoja tu. Mtajipanga vipi?"

"Tutalala wote wawili," Fortunée alisema.

"Sawa. Lakini shelf ni moja."

Tarehe ya kuzaliwa haikumshtua Patroba. Wakongo wote wa hosteli yake walizaliwa tarehe moja Januari, kwa kuwa karani wa kambi ya wakimbizi aliwaandika hivyo wasiojua siku yao, na wanaoijua pia, ili asichelewe kula. Kila Mwaka Mpya Patroba alinunua keki moja, akawaimbia wote kwa pamoja, akaenda kulala.

Fortunée alimshika mgeni mkono. Ulikuwa wa baridi, kama siku ile walipomwosha. Alimpashia wali, lakini Rosette hakula. Aliishika tu sahani kwa mikono miwili mpaka ikapoa, akasema asante.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kambini, upande wa Kigoma, mzee Vital na watoto wake walingoja safari ya Amerika karibu miaka minne. Walipigwa picha, wakahojiwa, wakahojiwa tena. Agosti 2000, miezi mitatu kabla ya ndege, Rosette binti yake alishikwa na malaria, akafa siku ya nne. Na ofisi ya kambi ilikuwa na sheria ambayo hata watoto waliijua: faili likibadilika, kwa kuzaliwa, kwa kuoa au kwa kufa, linarudi chini kabisa ya rundo. Vital aliketi na maiti mchana kutwa. Jua lilipopungua alitoka, akabisha kwa jirani yake, mama Gaudence, aliyekuwa na binti wa umri ule ule na sura isiyokuwa mbali.

Kabla ya magharibi aliyekufa alikuwa ameandikwa Fortunée. Cheti kilitoka, kikagongwa muhuri, msalaba ukapakwa rangi. Fortunée wa kweli alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minane, Sandrine, ila faili la Rosette halikuwa na mtoto. "Mwaka moja tu," Vital alimwambia. "Ukifika, utamuita." Fortunée alipanda ndege maziwa yakimvuja kifuani, na tangu siku hiyo ilipita miaka saba.

Mtoto aliambiwa mama yake amekufa. Hakukuwa na njia nyingine, maana mtoto hajui kuficha neno, na kuta za kambi ni maturubai. Kila Jumamosi, siku ya posho, bibi alipokwenda kupanga foleni ya unga, Sandrine alikwenda na jembe dogo kupalilia kaburi. Na kila Jumapili Fortunée alipiga simu kwa jirani mwenye simu ya mkononi, akaongea na mwanawe dakika kumi, na mwanawe akamwita shangazi.

"Mtoto wako anakuyaka kila posho," Rosette alisema jioni ile, wameketi kwenye ukingo wa kitanda cha chini. "Anapalilia bien. Kiisha anakaa, ananiita mama, ananielezea mambo ya masomo. Miye sikuzalaka, Fortunée. Sijue nimujibu nini. Njo maana nimekuya."

"Umepita wapi?"

"Njia ya kawaida. Ku aéroport wafu wako na mlango yao, ya kando. Hawakuombe papier. Hata viatu hautoe. Ni siku mbili tu."

Wivu ulimshika Fortunée. Siku mbili! Aliona aibu kumwonea wivu marehemu, lakini aibu haikuuondoa wivu.

Alimpigia mzee Vital simu, Fort Worth, alikoishi na wanawe wawili. "Papa, Rosette amefika."

"Amekula?" Vital aliuliza.

"Anashika tu sahani."

"Mwambie..." Alikohoa. "Mwambie asikuye huku kwanza. Hapa ku appartement wako wanahesabu watu. Na dossier ya ndugu zake haijaisha." Kisha akalia, kilio cha sauti, cha mzee asiyejali nani anasikia. Fortunée alimwekea Rosette simu sikioni, akaishikilia hapo mpaka kadi ikaisha.

Jumapili walikwenda Alief, kwenye kanisa la Waafrika, kumwona Lydiah. Lydiah alikuwa Mkenya, karani wa wakili mmoja, na baada ya ibada aliwajazia watu fomu chumba cha nyuma, kando ya masufuria. Ni yeye aliyemfungulia Fortunée macho majira ya kuchipua, alipotaka kumwombea Sandrine viza. Alimwambia polepole, mara mbili: ukisema wewe ndiye mama yake, umesema wewe si Rosette, ukisema wewe si Rosette, huna faili, na ukisema wewe ni Fortunée, Fortunée alikufa. Siku ile Fortunée alitoka bila kuaga, akakosa mabasi mawili akiwa amesimama pale pale kituoni.

Sasa Lydiah alimtazama Rosette, akautazama udongo wa miguuni, akavuta kalenda yake.

"Hii inaweza kusaidia, my dear," alisema. "Mwenye jina akirudishiwa jina lake, tutawaambia wewe hukuwahi kufa. Evidence si ndiyo hii imekaa hapa? Wednesday nitaomba off, nitawapeleka mwenyewe, nitawa-interpret."

Siku tatu hizo Fortunée alikuwa na furaha, na hakuificha. Ghalani aliimba. Alianza hata kufikiria upande gani wa kitanda angemlaza Sandrine, na kama Patroba angemhesabu mtoto kuwa jina zima.

Jumatano, afisa waliyempata ofisi ya uhamiaji alikuwa mtu wa adabu. Aliwaomba wakae, akafungua faili, akaiweka picha ya mwaka 1999 kando ya uso wa Rosette. Alikuwa yeye. Akamwomba aweke vidole kwenye kioo cha mashine. Mashine haikuona kitu. Akamwomba Fortunée, na vidole vya Fortunée vikaonekana, vile vile vilivyopigwa chapa siku ya kuingia Amerika. Uso wa afisa ukakunjuka. Lydiah alitafsiri: faili hili limewasumbua miaka saba, picha na vidole havipatani. Sasa picha ina mwenyewe na vidole vina mwenyewe. Wawili hawa kwa pamoja wanatosha mtu mmoja, bila upungufu. Akagonga muhuri.

"Mwambie atazame na ile dossier ya Fortunée," Fortunée alisema.

Afisa aliandika kwenye kompyuta, akangoja, akasoma. Fortunée: amefariki Agosti 2000, cheti kipo, namba ya kaburi ipo, faili limefungwa.

"Lakini aliyekuwa mu kaburi njo huyu! Ametoka. Amukamate mkono, asikie ile baridi."

Lydiah alitafsiri yote. Afisa alimshika Rosette mkono, akakubali kuwa ni wa baridi. Alieleza kwamba kutoka kaburini hakubadilishi cheti. Kasoro ingekuwa kwenye cheti, cheti kingerekebishwa, ila hiki kina jina, tarehe na muhuri. Na huyu mtoto Sandrine ameandikwa yatima, na yatima hana mama wa kumwombea. Aliwatakia siku njema, akawapa kila mmoja kalamu.

Walirudi kwa basi, maana Lydiah alihitajika kazini. Fortunée aliketi dirishani. Maduka ya matairi yalipita, na kanisa, na duka la simu, na maduka mengine ya matairi. Alikuwa amechoka mpaka kwenye meno.

"Kuko kitu sikukuambia," Rosette alisema. "Posho iliyopita mtoto alikuya. Na miye nilikuwa huku. Aliongea na udongo tupu."

Hilo lilimuuma Fortunée kuliko muhuri. Alimwona Sandrine amechuchumaa, akieleza habari za hesabu na za mwalimu, na chini hakuna hata mtu mmoja. Alilia kwa sauti, na abiria mmoja akampa kitambaa cha karatasi bila kumtazama.

"Ku ile mlango ya kando," aliuliza alipoweza, "wanaulizaka nini?"

"Jina tu. Wanaitafuta ku liste."

"Na yangu iko?"

"Ya kwako iko tangu miaka saba."

Alhamisi Fortunée alikwenda kazini kama kawaida, akachambua mpaka saa sita, akakunja aproni. Hostelini alimkabidhi Rosette beji ya ghala, ufunguo na plasta ya rafu. Patroba aliwakuta kwenye varanda.

"Rosette anahama?" aliuliza.

"Hapana. Rosette anabaki."

"Basi hakuna shida." Akaweka alama kwenye daftari, jina moja, kitanda kimoja, akaenda kuoga.

Kwenye uwanja wa ndege, mlango wa kando ulikuwa nyuma ya mahali pa kupimia mizigo, na foleni yake ilikwenda haraka. Mwanamke wa zamu alipitisha kidole kwenye orodha, akalipata jina ukurasa wa pili. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, na kile kistari juu ya e. Kwa miaka saba hakuna mtu aliyeliandika jina lake, na Fortunée aliomba alitazame tena. Hakuvua viatu.

Alifika kambini alfajiri ya Jumamosi. Kaburi lilikuwa fupi kidogo, kwa kuwa Rosette hakuwa mrefu, ikabidi akunje magoti. Saa tatu akasikia jembe. Sandrine alipalilia kuanzia miguuni, kwa uangalifu, akiokota vijiwe. Kisha akakaa, akasema jambo mama, akaanza habari za wiki. Fortunée alisikiliza kila neno. Hakuwahi kuwa karibu naye hivi tangu alipomwachisha titi, na alifurahi, furaha ya kweli, ya kutetemesha mbavu. Aliamua kwamba Jumamosi ijayo atatoka. Atamwita kwanza taratibu, asimshtue, halafu atatoka.

Jumamosi iliyofuata alijiandaa tangu asubuhi. Jembe lilipotua chini alikuwa amekwisha kuweka kiganja kwenye udongo wa juu na kuanza kusukuma.

"Jambo, mama," Sandrine alisema. "Leo niko na habari mbili. Shangazi ya Amerika hakupiga simu dimanche. Bibi anasema labda ametusahau, watu ya Amerika wanasahauka. Ya pili, dossier yetu ya safari imeitwa! Miye na bibi. Walitupiga picha. Waliniuliza, mama yako iko wapi? Nikasema, alikufa, iko ku kaburi, miye njo napaliliaka. Wakaandika. Bibi anasema ni muzuri hivyo, hakuna kitu ya kubadilisha. Kukibadilika kitu, tunarudi chini."

Kiganja cha Fortunée kilibaki pale kilipokuwa.

"Sijue tutamuacha nani akupalilie," mtoto aliendelea, aking'oa jani moja lililobaki. "Nililia. Lakini bibi akasema nisilie. Shangazi anaweza kutusahau, watu wote wanaweza kwenda. Weye tu njo hauendake."

Fortunée alishusha mkono polepole, ili udongo usitikisike. Juu, Sandrine alikung'uta jembe, akaliweka begani, akakimbia kumsaidia bibi yake kubeba unga kabla foleni haijafungwa.