Adapta Iliyonyamaza Mitaboni

Mwelu alikuwa amekaa mapokezi ya kliniki ya akina mama, pale Mitaboni, kwa miaka sita bila mtu kumlaumu kwa kazi yake. Ndiyo maana Jumanne ile, simu ya mezani ilipomfia mikononi, alikosa pa kuanzia kusema.

Simu hiyo ilipitia kwenye intaneti. Kijisanduku cheusi, adapta, ndicho kilichoiunganisha na rauta, na namba ya simu hiyo ilikuwa kwenye kadi ya kila mama mjamzito wa vilima vile. Kwa wiki mbili waliopiga walilalamika kwamba baada ya muda hawamsikii Mwelu. Akatazama video moja, akafungua ukurasa wa adapta kwenye kompyuta, akaondoa anwani ya mtandao iliyokuwa ikitolewa na rauta na kuandika ya kwake, akahifadhi. Taa ya simu ikazima. Ukurasa nao ukakataa kufunguka. Alichomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena mara nne. Wapi.

Sista Ann, msimamizi wa kliniki, alipita akauliza mbona simu haiiti. Mwelu akajibu kwamba ni intaneti inasumbua. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

Akampigia Wathome, fundi aliyewafungia mitambo, ambaye sasa anakaa Mlolongo. Yeye naye Mwelu akamwambia kwamba kifaa kimezima chenyewe tu. Wathome alikuwa karibu kumwambia atumbukize pini kwenye kitundu cha nyuma ili kirudi kilivyotoka kiwandani, kisha akauliza kama ana nywila ya laini, kwa sababu kufanya hivyo kungefuta kila kitu. Mwelu hakuwa nayo. Kampuni iliyowauzia laini ilikuwa ikichukua siku tatu kujibu barua. Wathome akasema atafikiria, atampigia baadaye.

Kabla hajapiga, mlangoni akaingia mama mmoja mtu mzima, Kalondu, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mkaza mwanawe, Nzisa, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Walikuwa wamepiga ile namba ya kadi hadi simu yao ikaishiwa na chaji, ndipo akapanda bodaboda kuja mwenyewe kuomba gari. Sista Ann hakuuliza mengi. Alimpakia Kalondu kwenye gari la kliniki pamoja na mkunga, wakaondoka kumfuata Nzisa.

Mwelu alibaki na simu ya mkononi. Akampigia Wathome tena.

"Si intaneti," alisema. "Ni mimi. Niliingia kwenye setingi nikabadilisha anwani."

Wathome akajibu: "Sawa. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kujua. Inua mkono wa simu ya mezani, ubonyeze nyota mara nne."

Mwelu alibonyeza. Simu ambayo haikuwa na hata mlio ikaongea: sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, ikimkaribisha kwenye orodha ya kifaa. Akaduwaa. Kumbe adapta haikuwa imekufa. Ilikuwa imepotea njia tu. Wathome akamsomea namba ya kubonyeza, na sauti ikataja anwani, tarakimu moja moja. Mwelu aliiandika kwenye karatasi, kisha akailinganisha na ya kompyuta. Palipotakiwa moja, yeye alikuwa ameandika kumi na moja. Kidole kiligonga mara mbili.

Fundi akamwelekeza airudishe adapta kwenye kupewa anwani na rauta, athibitishe, akate simu na kungoja. Zilipita kama dakika mbili. Taa ikapepesa, ikatulia, kijani. Mwelu aliipigia namba ya kliniki kwa simu yake ya mkononi, na simu ya mezani ikaita mbele yake. Nywila ilikuwa bado ndani, salama. Lile tatizo la kutosikika lilikuwa palepale. Wathome alisema atakuja Alhamisi aliangalie, na kabla ya hapo Mwelu asiguse chochote.

Nzisa alifikishwa kliniki saa saba mchana, akajifungua mtoto wa kike saa nane na nusu. Alivuja damu nyingi kuliko kawaida, lakini mkunga aliidhibiti.

Jioni Mwelu alimfuata Sista Ann akamweleza yote, pamoja na ule uongo wa asubuhi. Ann alimsikiliza huku akijaza faili.

"Kuharibu tungeweza kuvumilia," alisema. "Lakini asubuhi ungeniambia, ningetoa namba yangu kwa watu."

Mwelu akatoka kwenda wodini, kwa Kalondu, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda.

"Mwaitu, mama yangu, hamkutupata kwa simu kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeivuruga."

Kalondu alimsogeza mjukuu mapajani. Akachukua kadi ya Nzisa iliyokuwa chini ya mto, akamnyooshea.

"Niandikie hapa namba ingine," alisema. "Ya mtu."