Misala Mitatu

Muzdalifa alijifungua mwanzoni mwa Juni, kipupwe kimeanza kuuma na watu wa bondeni wako kwenye mavuno ya mpunga. Mama yake, Mwanamina, alipata habari kwa simu akiwa kwake Bungu, siku mbili baada ya mtoto kuzaliwa. Siku mbili!

Kwa desturi, mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzalia kwa mama yake. Mwanamina alifanya hivyo, na mama yake kabla yake, kule kwao milima ya Umatumbi. Miezi miwili kabla alikuwa amekipaka chokaa chumba cha nyuma na kununua neti mpya. Lakini Hajira, mama mkwe wa Muzdalifa, alikataa katakata. "Hapa Mohoro zahanati ipo na wakunga wapo," alisema. "Bungu akafuate nini, vumbi la malori?"

Mwanamina alilimeza hilo. Alifungasha unga wa uji na khanga mbili, akapanda basi, akateremka njia panda, akachukua bodaboda mpaka Mohoro. Alipopakatishwa mjukuu wake, kitoto cha kike kilichoitwa Salama, alisahau yote. Alikinusa utosini. Alicheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

Kisha akatoka uani kufua nepi, na hapo ndipo alipouona mkeka.

Ulikuwa mkeka wa harusi ya Muzdalifa. Mwanamina aliusuka kwa miezi minane, ukindu mwembamba kabisa, nyekundu na zambarau zikikimbizana kwenye pindo. Siku ya harusi Hajira aliupokea kwa vigelegele. Sasa ulikuwa umetandazwa juani, umemwagiwa mpunga, kuku wanaparura, na pembe moja imechanika.

Nyuma ya ua wa makuti Hajira alikuwa akizungumza na jirani.

"Mikeka ya wenzetu wa milimani minene, dada. Hailaliki. Ila kwa kuanikia mpunga, hakuna jamvi linaloifikia."

Wakacheka.

Jamvi! Mwanamina alisimama na nepi mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Jamvi husukwa na mtu yeyote mwenye haraka. Alitaka kuuzunguka ule ua amkamate Hajira kwa ushungi. Badala yake alizianika nepi moja moja, akaaga, akamshukuru mzaa mwenzake kwa kumtunzia mwana, akaondoka.

Ndani ya basi hakusinzia. Alikuwa anamfikiria Hajira, na kumtafutia mahali pa kuumia. Hajira hakumwogopa mumewe, wala majirani, wala masheikh. Aliogopa watu watatu tu: mavyaa wake, Bi Mwanaharusi, aliyemzaa mumewe, na mawifi zake wawili, Sikudhani wa Ikwiriri na Zuhra wa Mloka. Hao ndio walioweza kumsema akanyamaza.

Alipofika nyumbani hakuvua hata baibui. Alishusha gunia kutoka darini, akatoa viringo vya kili, mikanda ya ukindu aliyokuwa akiisuka kidogo kidogo kwa miaka sita.

Mumewe, Mwinyimvua, alikuwa amekaa mlangoni anatengeneza mpini wa jembe.

"Hizo si zilikuwa za mkeka wako wa kuzikiwa?" aliuliza.

"Nitazikwa na jamvi."

"Mwanamina, una jambo wewe."

"Ninalo. Niletee kuni, nataka kuchemsha rangi."

Mwinyimvua alikuwa ameishi naye miaka thelathini na moja. Alikwenda kuleta kuni.

Arobaini ya mtoto ilikuwa katikati ya Julai. Kila siku baada ya sala ya alfajiri Mwanamina alikaa uani, shuka mabegani kwa baridi, akiunga ukili na ukili kwa sindano. Alishona misala mitatu, mikeka midogo ya kusalia, na kila mmoja alitaka uushinde uliotangulia. Vidole vilipasuka, akavipaka mafuta ya nazi akaendelea. Mkono ulipochoka alijikumbusha ile sauti ya nyuma ya ua, na mkono ukapata nguvu.

Msala wa kwanza aliupeleka Ikwiriri. Sikudhani aliutandika sebuleni, akauzunguka, akaogopa kuukanyaga.

"Loo, dada Mwanamina! Nimekufanyia nini mimi cha kustahili hiki?"

"Umenipa mume wa mwanangu. Nasibu si mtoto wa kaka yako? Basi."

Wa pili ulikwenda mbali, mpaka Mloka, safari ya siku nzima ya mchanga na mashimo. Zuhra alimpokea akiwa na majonzi. Tembo walikuwa wameingia shambani juzi yake wakala mahindi na kung'oa migomba. Mwanamina alikaa naye siku mbili, akamsaidia kuokota yaliyobaki. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini jicho lake lilikuwa Mohoro. Walipokuwa wakipukuchua mahindi Zuhra alimuuliza, "Na wifi Hajira umemshonea upi?"

"Wa Hajira upo," alijibu Mwanamina.

Wa tatu, wenye picha ya msikiti iliyofumwa kwa ukindu mweusi, alimpa Bi Mwanaharusi mwenyewe, siku moja kabla ya arobaini. Bi kizee yule alikuwa haoni vizuri. Aliupapasa pindo kwa pindo kwa vidole vyake vyembamba.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "tangu mama yangu afe sijashika kazi kama hii. Kesho nitakwenda nao niukalie."

"Itapendeza, mama," alisema Mwanamina.

Siku ya arobaini nyumba ya Hajira ilijaa wanawake. Baada ya dua na pilau, Muzdalifa alitolewa nje na mtoto, amepakwa hina, anang'aa. Bi Mwanaharusi alikalia msala wake. Kushoto kwake Sikudhani alikalia wake, na kulia Zuhra, aliyeubeba wake kutoka Mloka kwa fahari. Wanawake wakaacha kumtazama mtoto, wakawa wanainama kuishika ile misala na kuuliza fundi ni nani.

Hajira alikuwa akizunguka na sinia la tende. Mara ya kwanza alipita. Mara ya pili alisimama. Alicheka.

"Mzaa mwenzangu, umewagawia ukoo mzima. Na wangu mimi uko wapi?"

Mwanamina alikuwa amelingoja swali hilo siku thelathini na nane, na asubuhi ile alikuwa amehakikisha mkeka bado uko uani. Hakupandisha sauti.

"Wako nilikutangulizia wewe, mzaa mwenzangu, kabla ya wote. Uko uani, chini ya mpunga."

Hajira aliliweka sinia chini.

"Mkeka gani uko chini ya mpunga?" aliuliza Bi Mwanaharusi.

Zuhra aliinuka, akaenda uani. Alirudi akiuburuta, makapi yakidondoka, akautandaza miguuni pa mama yake. Bi kizee aliinama akaupapasa kama alivyoupapasa ule wake. Vidole vilipofika kwenye pembe iliyochanika vikasimama.

"Mkono ule ule," alisema. "Hajira. Mkeka wa harusi ya mwanao unaanikia mpunga?"

"Mama, ni siku moja tu, majamvi yalikuwa yamejaa..."

"Mbona umefubaa kwa jua la siku moja?" alisema Sikudhani.

Wanawake wakaangalia chini. Wengine walikuwa wanabana midomo wasicheke. Machozi yalimtoka Hajira mbele ya watu wote, na Mwanamina hakugeuza uso. Alitazama kila chozi. Moyo wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyekunywa maji baada ya kiu.

"Mkwe wangu," Bi Mwanaharusi alimgeukia Mwanamina, "tumekukosea. Sema unachotaka."

"Sitaki kitu, mama. Namtaka mwanangu na mjukuu wangu, niwalee Bungu mpaka kipupwe kiishe. Haki ya mimba ya kwanza nilinyimwa."

"Ondoka nao kesho."

Hajira alifungua mdomo. Mavyaa wake akainua kidole, naye Hajira akaufunga.

Huko Bungu, Mwanamina alimwogesha mjukuu kwa maji ya vuguvugu, akamkanda, akamlaza katika chumba chenye chokaa. Ilipita wiki kabla Muzdalifa hajasema lililokuwa moyoni. Alikuwa ananyonyesha ukumbini, mama yake anachambua mchele.

"Mama, siku ile uliniuliza mimi kama nataka kuja?"

"Hukutaka kuja kwenu?"

"Nilitaka. Lakini usiku ule mama mkwe alikuja kunifungia nguo za mtoto huku analia. Wewe umeshinda ukarudi kwako. Mimi mwezi wa tisa narudi kuishi naye."

Mwanamina alipuliza makapi ya mchele. "Alikuwa anakucheka wewe pia. Mkeka ule ulikuwa wako."

"Najua. Niliuona kila siku. Ningeusema mimi, siku yangu ikifika."

Simu ya Mwanamina ikaita. Alikuwa Hajira, kama ilivyokuwa kila siku alasiri tangu waondoke. Kila siku Mwanamina alimwitikia salamu, akamwambia "mtoto hajambo," akakata kabla mwenzake hajaongeza neno, na kila siku jambo hilo lilikuwa tamu. Aliunyosha mkono aipokee.

Muzdalifa aliiwahi.

"Shikamoo mama. Hajambo, yuko hapa ananyonya. Ee, amenenepa. Subiri nikuwekee simu sikioni mwake uzungumze naye."

Sauti ya Hajira ilisikika ndogo, ikiimba kitu cha kubembelezea watoto. Mtoto aliacha ziwa akageuza kichwa. Mwanamina aliinamisha uso kwenye ungo, akatoa kijiwe, akakirusha uani kwa nguvu. Hakujuta. Lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama, aliusikiliza wimbo wote mpaka mwisho.