Kitanda Ndani ya Noah

Niseme ukweli mapema ili mtu asinisumbue: kile kitanda si cha biashara. Watu wa Migori niliwaambia ni cha kulalia sokoni, kwa sababu mimi huuza omena, wale dagaa wa ziwani, na kila wiki niko barabarani, mara Muhuru Bay, mara Sindo, mara Kendu Bay. Waliamini, na mimi nikawaacha waamini.

Kitanda ni kwa ajili ya Edith. Edith ni binti yangu wa pekee, ameolewa Homa Bay na kijana anaitwa Boaz. Mwaka jana alijifungua kabla ya wakati, miezi saba, mtoto hakuishi, na mimi nilikuwa Muhuru Bay nagombana na mtu wa mizani. Nilifika wameshazika. Sasa ana mimba tena, amebakiza wiki chache, daktari amemwambia alale tu, asiinue hata sufuria. Nimeapa kwamba safari hii hatalia peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Shida ni kwamba kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mkwe wake. Halali, basi. Utakunywa chai, utasifu viti, jioni utaondoka. Na mkwe naye hapaswi kuona mahali mama mkwe analala, hata iweje. Lojing'i ziko, lakini ziko mjini, na binti yangu hatanililia mjini. Kwa hivyo nilimpigia simu Cephas, ndugu wa marehemu mume wangu na mjuzi wa mila zetu, nikamuuliza: je, nikilala ndani ya gari, nje ya lango? Akaomba muda. Siku ya tatu akanipigia, akasema gari lina magurudumu kwa hivyo si nyumba, mradi nisipike ndani.

Ndipo nikaenda kwa Omanga, fundi wangu wa hapa Migori. Aling'oa viti vya nyuma vya gari langu, Noah, akachomelea kitanda cha chuma kwenye sakafu, kikashika kabisa. Ningeondoka hapo ingekuwa heri. Lakini Omanga akasema injini ya petroli imechoka, akatia injini ya dizeli iliyotoka kwa pikapu. Ikakataa kuenea. Akahamisha filta ya hewa, akaifunga nyuma ya kiti changu, pale pale ninapoweka magunia ya omena. Sikuuliza. Ukimuuliza Omanga swali anavuta kiti akujibu, na jua linazama.

Gari likaanza kutoa moshi mweusi. Kwenye kizuizi karibu na Rongo askari wa trafiki alisimama nyuma yangu, akapotea kidogo, kisha akatokea akikohoa. Akaniuliza kama nimebeba makaa au ndiyo ninayachoma. Akanipa wiki mbili: moshi upimwe na mashine ya ukaguzi na upite, la sivyo nisionekane tena barabarani na hiyo kitu. Nikahesabu wiki za Edith, nikageuza gari kurudi kwa Omanga.

"Omanga," nikamwambia, "gari inatoa moshi."

"Gari zote hutoa moshi, mama."

"Huu ni mweusi."

"Hiyo ni dizeli."

Nikamjibu neno ambalo siwezi kulirudia, na mke wake akatoka jikoni kuangalia kama kuna mtu amekufa. Omanga akafungua filta. Ndani mlikuwa na magamba na vumbi la samaki limeshikana kama pumba, na omena wazima kumi na mmoja. Akawapanga juu ya gazeti mmoja mmoja.

"Injini imekuwa ikivuta omena," akasema.

"Na nani aliifundisha?"

Akarudisha filta mbele mahali pake, akasafisha nozeli za kupulizia mafuta, akabadilisha oili, akashinda siku tatu chini ya gari bila kunitazama usoni. Siku ya nne moshi ulikuwa mwembamba, kama wa jiko linalozimika. Nikamsamehe nusu.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga, na ni wangu mwenyewe, simsingizii mtu. Nilipoulizwa nataka kukaguliwa wapi, nilichagua Homa Bay, kwa sababu Boaz ni mkaguzi huko. Nikajiambia, mkwe wangu mwenyewe, ataniangusha vipi? Nikasahau kitanda. Haki ya Mungu, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tano, nilisahau kwamba naendesha kitanda changu naenda nacho mpaka mbele ya mkwe wangu.

Nilifika saa nne asubuhi. Boaz alikuwa amevaa lile koti lao linalong'aa, ameshika faili. Alinisalimia akiwa mbali, macho kwenye tairi, jinsi mkwe mwenye adabu anavyopaswa.

"Habari ya safari, mama?"

"Nzuri, mkwe wangu. Kazi iendelee."

Kazi yenyewe iko hivi: mrija wa mashine unaingizwa kwenye ekzosi, halafu mkaguzi anakaa kwa usukani na kukanyaga mafuta mara kadhaa, mashine ikipima weusi wa moshi. Boaz akafungua mlango wa dereva, akainua mguu. Kisha akainua macho. Pazia nililoshona kwa mkono wangu lilikuwa limeanguka kwa sababu ya mashimo ya barabara. Kitanda kikamtazama wazi, na blanketi yake ya waridi, na mto, na, mnisamehe, nguo yangu ya kulalia.

Aliufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Akarudi kinyumenyume mpaka akagonga pipa la takataka.

"Issack!" akaita. Issack ni mkaguzi mwenzake, Msomali wa Garissa, mtu mrefu asiyecheka. "Hii gari siwezi kuingia."

"Iko na nyoka?"

"Iko na kitanda."

"Kitanda kinauma?"

"Ni cha mama mkwe wangu."

Issack akanitazama, akamtazama Boaz, akalitazama pipa. "Poleni," akasema, na akaingia yeye.

Alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, nami nikashika kifua. Akakanyaga tena, na tena. Moyoni nilikuwa naomba: Nyasaye, Mungu wangu, fanya moshi huu uwe mweupe hata kama dhambi zangu ni nyeusi. Mashine ikatoa mlio, ikatema karatasi. Issack akaisoma bila haraka.

"Moshi umepita."

Nilipiga kigelegele mpaka dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu akazima injini kusikiliza. Nikacheza hatua mbili. Nikamwona Boaz anaandika. Anaandika sana. Mtu aliyepita haandikwi hivyo.

"Issack," Boaz akasema, uso kwenye faili, "mwambie mama gari imeanguka."

"Nimesikia!" nikasema.

"Mwambie moshi uko sawa. Kitanda ndicho hakiko sawa. Kimechomelewa ndani ya gari ya abiria, na kwa kitabu cha gari hakimo. Mwambie lazima kikatwe."

Issack akanigeukia ili aniambie.

"Usijisumbue," nikamwambia. Na kwa sababu mama mkwe hamtukani mkwe wake, nikamtukana kupitia kwa Issack. "Issack, mwambie huyo bwana mkubwa wa faili kwamba moshi ndio ulionileta, na moshi umepita. Mwambie heshima nimeijua kabla hajazaliwa. Mwambie kitanda kikikatwa, mimi nitalala wapi Edith akiita? Mwambie mwaka jana aliniita nikafika udongo ungali mbichi, na mimi sifiki tena hivyo, sifiki, mwambie!"

Hilo la mwisho sikulipanga. Lilitoka lenyewe. Issack alifungua kinywa ili apeleke ujumbe, akakifunga. Boaz hakuinua kichwa. Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Nilimchukia. Nasema wazi. Nilisimama pale nikitamani Edith angeolewa na mtu yeyote mwingine, hata yule kinyozi wa Sindo mwenye madeni, kuliko huyu anayejua sheria kuliko anavyomjua mke wake. Mtoto aliyekufa alikuwa wake pia. Vipi mtu anasikia maneno yale na bado anaandika?

Akamaliza. Akampa Issack karatasi, Issack akanipa mimi. Miwani nilikuwa nimeiacha Migori, nikamrudishia Issack asome.

"Gari limekataliwa," Issack akasoma kwa sauti ya redio. "Lisitembee barabarani mpaka kitanda kiondolewe. Muda wa kurekebisha, siku tisini. Katika muda huo gari litakaa..." Akasimama. Akamtazama Boaz. Boaz alikuwa anakagua mabati ya paa.

"Litakaa wapi?" nikauliza. "Kwa polisi?"

"Nje ya lango la nyumba ya mkaguzi Boaz, hapa Homa Bay. Litavutwa leo."

"Siku ngapi, umesema?"

"Tisini."

"Na Edith amebakiza wiki sita."

"Mama, mimi nasoma tu."

Boaz akakohoa. "Issack, mwambie mama mtu wa kuvuta gari yuko njiani. Mwambie ile njia ya lango sitaipita. Kule nyuma kuna uwazi kwenye ua, nitaingilia hapo mpaka mtoto azaliwe." Akageuza ukurasa ambao haukuwa na kitu. "Na mwambie Edith alishanieleza, nafasi nimeipima asubuhi. Mlango wa gari utatazamana na dirisha la Edith."

Asubuhi. Kabla sijafika. Kabla moshi haujapimwa, kabla sijamtukana.

Nikaegemea Noah yangu nikalia kwa sauti, kamasi na machozi pamoja, mbele ya watu wote. Boaz akazidi kuangalia mabati. Issack akanipa karatasi ya mashine nijifutie.

Dereva wa lori akashuka, akaja akanishika bega. Akaniambia nisilie hivyo, mama, kuangushwa si mwisho wa dunia, yeye mwenyewe ameangushwa mara tatu mwaka huu, na ukiwa na bahati watu hawa hukuruhusu urudi barabarani hata baada ya wiki moja.

Nikamwambia asante, lakini wasithubutu.