Bei ya Sauti ya Verlene

Odessa Tolliver aliingia kwenye duka la santuri na sare yake ya udobi ingali imemganda mgongoni kwa jasho. Albamu ilikuwa kwenye rafu ya mbele, imefungwa plastiki. Juu yake palikuwa na picha: yeye na dada yake Verlene, wasichana wawili wenye magauni ya kuazima, wakigombea kipaza sauti kimoja. Walirekodi papa hapa Memphis, mwaka wa sitini na nane. Verlene hakuumaliza mwaka uliofuata. Sauti yake haikubaki popote ila mle ndani.

Dola kumi na nane. Karibu nusu siku ya kufua mashuka ya hoteli.

Akaipeleka kaunta. "Niwekee nimsikie dada yangu," alimwambia msichana muuzaji. "Wimbo mmoja tu, kisha nitaamua."

Msichana aliitazama picha, akamtazama yeye. "Ni wewe huyu, mama?"

"Enzi hizo nilikuwa na kiuno."

Msichana akacheka, mkono ukaielekea mashine ya kuchezea santuri. Meneja, Bwana Hadley, akatokea nyuma ya rafu.

"Hatufungui bidhaa, bibi. Nunua, ukasikilize kwako mpaka uchoke."

"Siku tuliyoimba tulipewa dola thelathini, mimi na mwenzangu. Tangu hapo sijaona hata senti. Leo mnaniuzia sauti yangu mwenyewe kwa bei hii?"

"Bei inapangwa na kampuni. Mimi nauza tu."

"Na hiyo kampuni iko wapi, nikaiulize?"

"New York."

"Afadhali mwizi wa mtaani. Yeye angalau kwake napajua."

Wateja wawili wakacheka. Hadley hakucheka. "Kama huna pesa, iache hapo."

Alikuwa nazo. Noti ya ishirini ilikuwa mfukoni, aliitenga kwa shughuli hiyo hiyo. Ndicho kilichomkera zaidi: kwamba alikuwa amekuja tayari kulipa.

Akaipasua plastiki kwa meno. "Weka," alimwambia msichana.

Msichana akaweka.

Likaanza gitaa, ikafuata sauti yake Odessa, nyembamba, yenye pupa ya ujana. Watu wakaacha kupekua rafu. Ubeti wa pili ulikuwa wa Verlene. Alisikika akivuta pumzi, kama alivyozoea kabla ya kuimba, na hapo Hadley akaizima mashine.

"Unalipa au niite polisi?"

"Ita."

Akasimama pale pale akauimba ubeti wa dada yake, kwa sauti yake ya sasa, nzito, iliyokwaruzwa na mvuke wa udobi. Hakuwahi kuuimba. Alikosea maneno, akarudi nyuma, akaanza upya. Hadley alikuwa kwenye simu, kidole kimeziba sikio la pili, akieleza kuwa kuna mwanamke anaharibu mali. Polisi walipofika walimtoa ameshikwa viwiko, na bado anaimba. Mteja mmoja mwenye koti la ngozi laini akampigia makofi.

Kutoka ndani ya gari la polisi, kupitia kioo cha duka, alimwona msichana akiambiwa avue aproni. Kisha Hadley akaleta nakala nyingine kutoka stoo, akaibandika bei, akaiziba nafasi iliyoachwa wazi kwenye rafu. Yule mwenye koti akaichukua, akaigeuzageuza, akaenda kaunta akitoa pochi.