Ruka Utangulizi

Leland Haugen wa Duluth hakuwa mwongo. Tatizo lake ni kwamba ukweli wake haukuwa na ushahidi. Miaka kumi na minane alikuwa akidai kwamba yeye ndiye aliyeanza kuposa. Mji mzima ulijua ni mkewe, Marit, aliyechoka kungoja akamuuliza mezani, “Wewe, tunaoana au hatuoani?”

“Nilikuposa kwenye tovuti!” Leland alikuwa akilalama.

Na kweli. Enzi hizo Marit alikaa mapokezi kwa daktari wa meno, na Leland, fundi wa vikatuni vya Flash, programu ya kuchezesha picha kwenye tovuti, ndiye aliyewatengenezea tovuti. Akaiwekea mwanzoni utangulizi wa sekunde arobaini: jino linacheza ngoma ya polka, mwishoni linapiga goti na kumposa Marit kwa jina. Kisha, kwa akili zake nyingi, akaweka chini yake kitufe kikubwa: Ruka utangulizi. Marit alikibonyeza kila asubuhi. Wagonjwa nao vilevile. Hakuna aliyewahi kufika sekunde ya tano.

Sasa ilikuwa Januari 2021, na vivinjari vilikuwa vimetangaza kwamba siku chache zijazo havitaifungua tena Flash. Leland akatoa stoo kompyuta kuukuu yenye nakala ya tovuti ile, akamkalisha mkewe.

“Leo utaniomba radhi,” alisema. “Na usiguse kitu!”

“Sigusi, bwana.”

Jino likacheza. Marit akacheka mpaka machozi. Sekunde ya thelathini na sita, goti likaanza kukunjwa, na hapo kisanduku kikachomoza katikati ya kioo.

“Soma kwanza, Leland!”

Lakini mkono wake ulishabonyeza Ndiyo, kwa haraka ya kukiondoa. Kisanduku kilikuwa kimeuliza kama aiondoe Flash kabisa. Ikaondoka pamoja na jino lake, na kuipakua upya hakukuwezekana tena.

Lo! Yeye, aliyewalaani watu miaka yote kwa kukosa subira! Akashika kichwa, aibu ikamjaa.

“Kwani jino lilitaka kusema nini?” Marit aliuliza taratibu.

Leland akapiga goti. Goti likalia kwa uzee. Akakohoa.

“Marit, tangu siku ile ya kwanza nilipoingia pale mapokezi, nikiwa na jino bovu na—”

“Ruka utangulizi,” Marit alisema, huku amemshika mkono.