Saa Kumi ya Kibwezi

Kila asubuhi Kalekye huwasha kompyuta ishirini na mbili za chuo, na zikiwa bado zinaamka polepole, huzipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Huanzia ile ya dirishani, kwa sababu vumbi la Mutomo huingilia hapo. Akimaliza hukamulia kitambaa kwenye mche wa mlimau ulio mlangoni. Jumatano hiyo alifika kompyuta ya tisa akasimama. Kipanya chake kilikuwa na joto la kiganja kilichotoka hapo sasa hivi. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa kufuli tangu jana, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Alikishika mpaka kikapoa. Halafu akaendelea na ya kumi.

Jana yake alikuwa ameziwekea zote nakala moja ya mfumo. Kompyuta za chuo zilikuwa za kuomba: sita zilitoka kwenye benki iliyofunga tawi, nne kwa kanisa, nyingine kwa watu waliohama. Ilikuwa vigumu kupata mbili zinazofanana ndani. Kuitayarisha kila moja peke yake kungechukua mwezi. Kwa hiyo fundi huitayarisha kompyuta moja vizuri, huipiga picha nzima, programu na mipangilio yote, kisha huimimina picha hiyo kwenye nyingine. Hii ilitengenezwa na Nzomo, katika ofisi iliyohudumia vyuo kumi na vinne, huko Kibwezi. Aliituma kwa basi, diski ikiwa imefungwa ndani ya soksi iliyofuliwa.

Nzomo ndiye aliyemfundisha Kalekye kazi, miaka miwili, kabla Kalekye hajahamishiwa Mutomo. Alimfundisha kwamba kabla ya kupiga picha, kompyuta huamriwa ijisahau: isahau jina lake, chumba chake na vipuri ilivyovizoea. Bila hivyo itaamka katika mwili mwingine ikitafuta vitu vyake. "Isahaulishe kwanza," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha watu wafunge zizi la mbuzi.

Safari hii hakuisahaulisha. Picha ilipigwa Jumanne ya wiki iliyotangulia, saa kumi alasiri. Saa nane siku hiyohiyo alikuwa amepewa barua kwamba mkataba wake, uliokuwa ukiongezwa mwaka mmoja mmoja kwa miaka sita, hautaongezwa tena.

Basi kompyuta zote zilikuwa zikiamka saa kumi ile ya Kibwezi, na kila moja iliikumbuka kadiri mwili wake ulivyoweza. Mvua ilikuwa ikinyesha siku hiyo. Zile za benki zilikuwa na feni nzuri, zikapuliza harufu ya udongo uliolowa. Iliyokuwa na kamera ilimulika ukutani mwanga wa dirisha lenye nondo tatu. Ile nzee ya kumi na saba haikuwa na feni ya maana wala kamera, ikatiririsha maji tu. Kalekye aliiwekea ndoo, na ikijaa akaimwagia mlimau wa mlangoni. Kufikia saa nne, nje watu walikuwa wakitembea upande wa kivuli, na ndani wanafunzi walikuwa wamevaa sweta.

Kompyuta tano zilikuwa na spika. Hizo zilisema, kwa sauti ya Nzomo, ya chini kama ya mtu asiyejua kama yuko peke yake, "Kalekye, nilikuwa nataka..." Zikanyamaza zote mahali pamoja. Baada ya dakika chache zikaanza upya.

"Madam," alisema Abdiya, mwanafunzi wa safu ya nyuma ambaye babake huuza ng'ombe sokoni, "huyu mtu anakuita tangu asubuhi. Si umjibu tusome?"

"Andika jedwali lako, Abdiya."

"Naandika. Lakini hata ndama akiitwa hivyo angekuwa ameenda."

Darasa likacheka. Kalekye akainama chini ya meza kuangalia waya ambayo haikuwa na shida.

Alijua shida iko wapi. Kila kadi ya sauti huhitaji draiva yake, programu ndogo inayoielewa. Sentensi ile ilirekodiwa na kadi ya kompyuta ya Nzomo, na hakuna mashine ya Mutomo iliyokuwa na kadi kama hiyo. Alitafuta draiva siku mbili. Alijaribu kumi na moja. Moja ilimwongezea pumzi mbili baada ya neno "nataka", na pumzi hizo alizisikiliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa kazi.

Madam Mbula, mkuu wa chuo, alikuja Alhamisi akiwa amejifunga leso mabegani.

"Hii baridi ni ya wapi?"

"Ya Kibwezi, Madam."

"Na mtihani ni kesho."

Mkuu alikuwa ameiandikia ofisi ya Kibwezi, akiomba Nzomo aletwe hata siku moja. Jibu lilikuwa limefika. Ofisi ilifurahia ubora wa nakala na ingeitumia katika vyuo vyote kumi na vinne. Nafasi ya aliyeitengeneza haikuwepo. Kuhusu maji, chuo kitumie ndoo.

Madam Mbula alimpa asome mwenyewe, kisha akaikunja barua mara nne.

Kalekye alieleza kwamba amezipa mashine majina tofauti ili zisigombane kwenye mtandao. Ilibaki amri moja tu, ya kuzisahaulisha. Alikuwa ameshaiandika. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na kompyuta ya tisa ilikuwa na joto kando ya mkono wake.

"Bila hiyo, mtihani utaandikika?" Madam Mbula aliuliza.

"Utaandikika."

"Basi wacha. Mlimau umeyapenda hayo maji."

Wanafunzi waliandika mtihani Ijumaa wakiwa na sweta, na hakuna aliyelalamika ila mmoja ambaye karatasi yake ililowa pembeni. Walipotoka, Kalekye alibaki. Alikaa kwenye ya tisa, akashika kipanya, akapiga simu.

Nzomo alikuwa Kambu. Sasa alikuwa akitengeneza simu za madereva wa malori kando ya barabara kuu, chini ya mwavuli.

"Kalekye. Mashine zilikubali?"

"Zilikubali."

"Hata ile nzee?"

"Inatoa maji."

"Itakuwa mvua ya ile Jumanne." Lori lilipita, akangoja. "Sikuzisahaulisha. Nilikaa na ile amri mbele yangu nikashindwa."

"Unaniita halafu unanyamaza."

"Hiyo ni draiva ya sauti. Ile kadi ilikuwa ya kule ofisini tu. Nikipata nafasi nitakutafutia, nitume na basi la..."

"Nzomo, sijakupigia kwa ajili ya draiva."

Nyuma ya Kalekye spika tano zilisema jina lake, zikaishia pale pale.

"Siku niliyohama, uliponibebea sanduku mpaka stendi," alisema Kalekye, "nilikwambia asante kwa kila kitu."

"Nakumbuka."

"Nilimaanisha twende wote."