Wimbo Usiochuma Chai

Jailos alikuwa akigonga kapu tupu kwa fimbo, ko, ko, ko, na sisi wanawake tulikuwa tukimwimbia Mungu kwa mwendo wa fimbo hiyo. Ukungu wa Mufindi ulilala juu ya chai kama blanketi lililoloa. Magunia tuliyojifunga kiunoni yalinyonya umande mpaka yakawa yanatuvuta chini. Vidole vinakwenda: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, nyuma ya bega, ndani ya kapu. Ubeti ukiisha Jailos anasema, "Kazeni, akina mama, malaika wanasikiliza." Kisha fimbo inaongeza mwendo.

Malaika. Mpaka leo neno hilo likitoka kwa mtu mwenye fimbo mkononi, damu inanichemka.

Nakuandikia habari hii, Ikupa mwanangu, kwa sababu ya ulichosema Jumapili uliyokuja hapa Uyole. Ulikuwa unamenya viazi, umechoka hata macho hayafunguki vizuri. Nikakuuliza kama siku hizi unasali. Ukacheka. "Mama, sisi tunasali kazini kila asubuhi. Bosi mwenyewe anaongoza. Tukishasema amina anatugawia kazi, kila mtu na fungu lake." Nikauliza, na wewe mwenyewe je, peke yako? Ukasema, nafasi ya peke yangu iko wapi, mama, na si yote ni sala?

Nilikuwa na hasira, si juu yako, na mtu mwenye hasira haandiki, anakwaruza. Ndiyo maana nimekaa kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado ametukalia. Baba yako, Mika, alikuwa amepata kazi ya kulisha kuni jiko la kukaushia chai, nami nikamfuata kutoka milima ya Rungwe hadi huko Iringa, nikaandikwa mchumaji. Kundi letu lilikuwa la mchanganyiko, Wanyakyusa, Wabena, Wahehe. Tulisikilizana kwa Kiswahili cha kuokoteza, na kwa nyimbo za kanisani, maana kila mmoja alizijua kwa lugha ya kwao lakini sauti ilikuwa ile ile.

Mkubwa wetu alikuwa Damari, mjane wa Kibena, mwembamba kama ufito, mwenye kikohozi na utani. Nikichelewa asubuhi ananipokea kwa salamu ya kwao, kwa sauti ya kusikika mistari yote: "Kamwene. Leo Mika amekuruhusu kutoka kitandani?"

Ni yeye aliyeanzisha sala ya saa sita. Jua likifika utosini, au ukungu ukiwa mweupe pale ambapo jua lingekuwa, anatua kapu, anapiga magoti katikati ya chai, nasi tunatua. Anaanzisha wimbo wake, ule ule kila siku, wa polepole, wenye mapumziko marefu kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Ukiisha, kila mtu anasema lake kimya kimya. Mwenye mtoto ananyonyesha. Halafu tunainuka. Uji usingewahi kuchemka kwa muda huo. Nyimbo za haraka tulikuwa nazo pia, za kwenda na mikono, na tulizipenda. Lakini huo mmoja Damari alitukataza kuugusa tukiwa kazini. "Huu hauchumi chai," alisema. "Huu ni wetu."

Jailos alikuwa mnyapara wetu, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa la kambi. Mtu wa kwetu kabisa, anayejua Maandiko kama anavyojua meno yake. Hakuja kutukataza kusali. Laiti angekataza. Mtu akikukataza unajua mmesimama wapi, wewe na yeye. Jailos alikaa pembeni akasikiliza, akaona kwamba siku tunayoimba za haraka makapu yanajaa mapema.

Kama alikwenda kumweleza bwana mkubwa wa shamba, au bwana mkubwa aliona mwenyewe, sijui. Ninachojua ni kwamba mvua zilipokolea na chai ikawa inachipua mbio kuliko vidole vyetu, Jailos alitokea na koti la mvua, jipya, linang'aa kama mgongo wa chura. Alishika ukosi wake akasema, "Baraka za Bwana hizi."

"Bwana yupi?" Damari akauliza. "Yule mwenye pikipiki?"

Tulicheka mpaka makapu yakatikisika mgongoni. Jailos hakucheka.

Tangu hapo nyimbo akawa anachagua yeye, na fimbo ikaanza. Saa sita ilipofika Damari alitua kapu kama kawaida yake.

"Mama Damari, inuka."

"Nasali, mzee."

"Sali huku unachuma. Mungu haangalii magoti, anaangalia moyo. Na kazi nayo ni sala."

Damari alimtazama kutoka kule chini kwenye matope. "Basi mwambie bwana mkubwa aache kupima makapu. Apime mioyo."

Jailos alisema, kwa upole kama anayesoma zaburi, kwamba atakayetua kapu saa sita kesho asije, mstari wake atapewa mwingine. Damari alikuwa mjane, hakuwa na pa kwenda. Aliinuka. Alishika shina la chai, akakaa hivyo kidogo mpaka kikohozi kipite, kisha akaanza kuchuma. Nasi tukachuma.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, mwanangu, nisikilize vizuri. Uongo tungeujibu. Lakini Jailos alichukua neno la kweli akalitumia kama panga. Ni kweli Mungu anaangalia moyo. Ni kweli mtu anaweza kufanya kazi kwa sala. Ila yeye hakutupatia hilo neno litusaidie kumkumbuka Mungu kati ya mistari. Alitupatia ili atunyang'anye mahali pekee ambapo hatukuwa makapu.

Jumapili moja tulikuwa kanisani, kile kijumba cha udongo na paa la nyasi. Mbele yangu alikaa Tusekile, binti wa kwetu Rungwe, ndiye mwenye sauti kati yetu, na kazini Jailos alimweka awe anaanzisha. Wimbo ulipoanza niliona vidole vyake vinatembea juu ya paja. Vinakata, vinatupa begani. Vinakata, vinatupa begani. Nikatazama benchi lote. Nikatazama vyangu. Benchi zima la wanawake, nyumbani mwa Mungu, linachuma chai. Na Jailos pale mbele kwenye kiti cha wazee, macho amefumba, mguu wake unapiga sakafu, ko, ko, ko.

Nilitaka kulia nikashindwa. Mwendo ulikuwa wa haraka mno.

Kabla mvua hazijakatika kichomi kilimlaza Damari, na hakuamka. Sisemi Jailos alimuua. Nasema mama yule alikuwa na kipande kimoja cha siku cha kupumzisha mgongo na kuongea na Muumba wake, na kipande hicho mtu alikuwa amekivaa, koti la mvua.

Tulimzika asubuhi. Mwinjilisti alikuwa mbali, kwa hiyo aliyeongoza mazishi ni Jailos, na alikuwa ametuagiza tuje makaburini na makapu ili tukitoka pale tupitilize shambani. Fikiria. Wanawake wamelizunguka kaburi la mwenzao, makapu mgongoni, kama punda waliofungiwa mizigo. Akasoma kwa mbio, akaomba kwa mbio. Kisha akaanzisha wimbo wa Damari. Ule ule. Kwa mwendo wa fimbo, mguu unapiga matope.

Tusekile alitua kapu lake chini.

"Ndaga, mzee," alisema, kwa adabu yote ya kwetu ya kumwambia mtu asante na pole. "Huu hauchumi chai."

Akaurudisha mwanzo, polepole, kama Damari. Jailos aliendelea na wake ubeti mzima, sauti yake imetangulia mbele peke yake kama mbuzi aliyepotea kundi, halafu ikanyamaza. Tukatua makapu wote. Tuliimba beti zote, na kila penye pumziko tuliisikia mvua ikianguka juu ya udongo mpya.

Kesho yake shambani Jailos akagonga kapu. "Tusekile, tuanzishie."

Tusekile akaanzisha ule ule.

Na hapa ndipo mnyapara alipojua alichokifanya. Vidole vyetu alikuwa amevifundisha mwenyewe vifuate wimbo, na vilifuata. Wimbo ukipumzika, vinapumzika. Mlima wote wa chai ukawa unachumwa kwa mwendo wa mjane anayekohoa. Kwenye mzani makapu yalikuwa nusu. Jioni hiyo Tusekile alifukuzwa, akaondoka kambini na godoro lake kichwani, anakwenda kwao, anaimba.

Asubuhi fimbo ikagonga. "Haya. Nani anaanzisha?"

Nilijua baba yako yuko kule jikoni na kuni zake, na kwamba mkono uliomfukuza Tusekile unamfikia naye. Nilijua sauti yangu inakwaruza kama mlango usio na mafuta. Nilianzisha. Mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa jirani yangu akaupokea kwa Kihehe, na mwingine, na mwingine, ukapanda mpaka juu ukungu ulipoanzia.

Angetufukuza wote, lakini chai haingoji. Ikipitiliza inakuwa majani ya mbuzi.

Hakutuambia kamwe, salini. Siku moja tu, saa sita, alitazama juu, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kuwaangalia wachumaji wa upande wa pili, akaondoka, akakawia. Tukatua makapu. Siku iliyofuata akaenda tena.

Sikuambii uache kazi, Ikupa. Watoto wale nini? Wala simjui bosi wako, huenda ni mtu mwema kuliko mimi. Nakuambia tu, kesho akianza kuomba, tazama mikono yako inafanya nini. Na utafute kati ya siku mahali padogo, hata pa kusimama ukingoja maji yajae ndoo, pasipopimwa na mtu. Usimwachie yeyote akuanzishie hapo.

Zile nyimbo za haraka sikuzipata tena. Zikiimbwa kanisani hapa Uyole naikalia mikono yangu mpaka ziishe. Jumapili ile ulikuwa umekaa karibu nami, ukaniona nimeificha, ukavua kanga yako ukanifunika mapajani, ukidhani nasikia baridi.